KUMUUGUZA MGONJWA WA KORONA NYUMBANI: SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI VYA MASASI NA NEWALA



Somo la toleo hili halihusu leja, wala mizani, wala stakabadhi ya ghala. Linahusu mgonjwa aliyelala ndani ya nyumba ya mwanachama, na yale ambayo jamaa, jirani na chama chake wanapaswa kumtendea. Huenda msomaji akauliza: homa na kikohozi vina uhusiano gani na ushirika wa korosho? Vina uhusiano mkubwa. Hapa chini itaonekana jinsi kitanda cha mgonjwa kinavyoweza kulipoteza gunia la korosho kabla halijafika ghalani. Makatibu wanaombwa kulisoma somo hili mbele ya wanachama, kwa vipande ikibidi, kisha yajadiliwe maswali yaliyo mwishoni.

Jina la ugonjwa

Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba korona ni janga la dunia nzima tarehe 11 Machi 2020. Siku tano baadaye, tarehe 16 Machi, mgonjwa wa kwanza nchini Tanzania alitangazwa mkoani Arusha. Shule zilifungwa mara moja, na zote zikawa zimefunguliwa tena ilipofika tarehe 29 Juni mwaka huo. Takwimu za taifa ziliishia mwaka huo huo wa 2020, zikiwa zimefikia wagonjwa 509 na vifo 21. Baada ya hapo hazikutolewa kwa muda uliozidi mwaka mmoja. Watu waliendelea kuugua, lakini ugonjwa wao haukuwa na jina la kutajwa hadharani. Mwanzoni mwa 2021 likaenea neno la adabu, "changamoto ya upumuaji", na wengine walisema nimonia, au mafua makali, au walinyamaza kabisa. Machi 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alishika uongozi wa nchi, akaunda kamati ya wataalamu, na tarehe 28 Julai 2021 akachanjwa mbele ya wananchi ili kuzindua chanjo. Tangu hapo jina la UVIKO-19 likatamkwa bila kificho. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya dharura ya dunia imekwisha, bali ugonjwa wenyewe haukwisha. Ungali unazunguka, na ungali unaweza kumwangusha mzee.

Ninaikumbusha historia hii kwa sababu moja. Ugonjwa usiotajwa haumdhuru mgonjwa peke yake, humdhuru na yule anayemsaidia. Binti anayeambiwa kwamba mama ana "uchovu wa shamba" hatafungua dirisha, hatavaa barakoa, wala hatawazuia watoto wasilale kwenye mkeka mmoja na bibi yao. Msaada wake wote, ambao ni wa upendo wa kweli, unageuka njia ya kuupeleka ugonjwa chumba hadi chumba. Kwa hiyo msaada wa kwanza ambao mgonjwa mwenyewe aweza kuwapa jamaa zake ni kusema mapema: ninakohoa, nina homa, sisikii harufu wala ladha, tahadharini. Na msaada wa kwanza ambao jamaa waweza kumrudishia ni kutomwonea haya wala kumnyanyapaa kwa kusema hivyo.

Kuna ugumu wa kwetu ambao hauna budi kutajwa. Katika wilaya zetu homa ni mgeni wa kila siku. Malaria ipo, kifua kikuu kipo, na tangu katikati ya mwaka ipo vumbi ya salfa, ambayo humkohoza na kumwasha macho hata mtu mwenye afya kamili. Mkulima aliyetoka kupuliza mikorosho akikohoa, nani atajua ni salfa au ni virusi? Kanuni ya busara ni hii: kikohozi cha salfa hakiji na homa ya mwili mzima, nacho hupungua mtu akikaa mbali na vumbi. Kikija na homa, maumivu ya viungo na uchovu usio wa kawaida, nendeni zahanati mkapime. Tena kipimo cha malaria kikionyesha vimelea, msidhani kwamba mambo yamekwisha, kwa maana mtu mmoja aweza kuwa na malaria na korona kwa wakati mmoja. Kikohozi kinachopita wiki mbili kichunguzwe kifua kikuu. Kama kipimo cha korona hakipatikani, kaya ijilinde kama vile kimeonyesha kwamba upo.

Nyumba, hewa na mhudumu mmoja

Wataalamu wamejifunza mengi tangu 2020. Siku zile tulihangaika sana kufuta meza na vitasa vya milango. Leo inajulikana kwamba njia kubwa ya ugonjwa huu ni hewa: matone na chembe ndogo sana zinazotoka kinywani na puani mwa mgonjwa anapokohoa, anapozungumza, hata anapovuta pumzi tu, zikabaki zikielea ndani ya chumba kilichofungwa. Mgonjwa huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla hajajisikia vibaya. Aliyeambukizwa aghalabu huanza kuona dalili baada ya siku tano au sita, lakini huweza kufika siku 14. Mwenye dalili inafaa ajitenge siku 10 tangu dalili zilipoanza.

Sasa tuziangalie nyumba zetu. Nyingi zina madirisha madogo, na usiku hufungwa kwa ajili ya baridi ya uwandani, hasa Newala katika miezi ya Juni na Julai. Chumba cha peke yake kwa mgonjwa ni jambo ambalo kaya nyingi hazina. Lakini tunacho kitu kimoja ambacho watu wa ghorofani mijini hawana, nacho ni nje. Mchana mgonjwa anayeweza kuketi atolewe na kuwekwa kwenye mkeka au kitanda cha kamba chini ya mkorosho au mwembe nyuma ya nyumba, mahali penye kivuli na upepo. Hapo anaweza kuzungumza na jamaa walioketi hatua chache kutoka kwake, na hatari hupungua sana kuliko ndani. Usiku alale karibu na dirisha lililo wazi, akiwa na blanketi la kutosha, na watoto na wazee walale chumba kingine, au hata nyumba ya jirani kama pana nafasi. Mama anayenyonyesha asimwachishe mtoto ziwa. Avae barakoa, anawe mikono, na aendelee kunyonyesha.

Katika kaya achaguliwe mtu mmoja wa kumhudumia mgonjwa. Asiwe bibi mwenye kisukari wala baba mwenye shinikizo la damu, bali mtu mwenye umri wa nguvu na afya njema, na kama amechanjwa ni bora zaidi. Yeye ndiye atakayeingia chumbani, akiwa amevaa barakoa, na mgonjwa naye akivaa ya kwake kila inapowezekana. Yeye ndiye atakayepokea sahani na kufua shuka. Wengine wote wamsaidie yeye, wala wasiingie kwa mgonjwa. Jambo hili laonekana dogo, lakini ndilo linalovunjwa mara nyingi kuliko yote, kwa kuwa desturi yetu ni kwamba mgonjwa husaidiwa na kila mtu kwa pamoja. Shangazi huleta uji, mjomba huketi kitandani, jirani humshika mkono, na wajukuu huchungulia mlangoni. Wakiwa 12 waliomhudumia mgonjwa mmoja, kaya nne zaweza kulala baada ya wiki moja, na shamba la kaya ya tano halitakuwa na wa kulipalilia.

Kumjulia hali mgonjwa ni wajibu katika dini zetu zote mbili na katika mila zetu. Hakuna anayewaambia watu wauache wajibu huo. Ubadilishwe namna yake tu. Jirani asimame uani, abishe hodi, aulize hali kwa sauti, aache alichokuja nacho barazani, kisha aende. Aliye mbali apige simu kila siku kwa saa ile ile, maana mgonjwa aliyejitenga huumizwa pia na upweke, na sauti ya ndugu humpa moyo wa kula. Wana wetu walioko Dar es Salaam au Mtwara wasikimbilie kupanda basi kuja kumwona mzee siku ya pili ya homa. Nauli ile ile ikitumwa kwa simu itanunua dawa ya homa, sabuni na maji, na haitaleta ugonjwa mwingine kutoka mjini wala kuurudisha huko.

Maji

Nimesema maji, na wakazi wa uwandani wamekwisha kunielewa. Uwanda wa Makonde hauna mito. Mvua inayonyesha juu huzama mchangani na kutokea chini kabisa ya miteremko. Tangu zamani akina mama wa Newala walishuka bondeni na kupanda tena na maji kichwani, na hata baada ya Mradi wa Maji wa Makonde kuanza kuyasukuma maji kutoka visima vya chini, kaya nyingi zimeendelea kutegemea maji ya mvua yaliyovunwa kutoka mabatini, au ndoo inayonunuliwa kwa fedha. Mtu aliyeandika bango la "nawa mikono kwa maji tiririka" hakuwa na haja ya kuhesabu ndoo. Sisi tunayo.

Nyumba yenye mgonjwa hutumia maji zaidi ya kawaida: ya kunywa, ya kumwosha, ya kufua, ya kunawa kila baada ya kumgusa. Na yule aliyekuwa akiteka maji aghalabu ndiye huyo mgonjwa, au ndiye aliyechaguliwa kumhudumia. Kwa maoni yangu hakuna msaada wa jirani unaoshinda ndoo mbili za maji zinazoachwa barazani kila asubuhi. Majirani wapangane zamu. Kunawa kufanyike kwa kibuyu chirizi: dumu dogo lililotobolewa, limefungwa kamba kwenye mti mlalo, linainamishwa kwa kukanyaga kijiti, na maji hutoka kidogo kidogo. Mikono huoshwa vizuri kwa sabuni na maji kidogo tu, na dumu haliguswi. Kiwekwe kimoja nje ya mlango wa mgonjwa na kimoja karibu na choo. Chama cha msingi nacho kiwe na cha kwake ghalani wakati wa kupokea korosho. Wakati wa janga ndoo za kunawia zilisimama mbele ya kila ofisi, lakini nyingi kati yake zimekwisha kugeuzwa za kuchotea chokaa.

Chakula, dawa na nyungu

Wagonjwa wengi wa korona hupona nyumbani bila dawa maalumu. Wanachohitaji ni kupumzika, kunywa maji na uji mara kwa mara hata kama hawana hamu, kula chochote kinachopita kooni, na dawa ya kawaida ya kutuliza homa, yaani parasetamo, kwa kipimo kilichoandikwa. Mgonjwa aliyepoteza ladha hukataa chakula akidhani kimeharibika. Asigombezwe. Apewe kidogo kidogo, ugali laini na kisamvu, mbaazi zilizopondwa, machungwa.

Dawa za kuua bakteria hazivifikii virusi, na kuzinunua ovyo dukani ni kutupa fedha. Kuna dawa iitwayo deksamethasoni, ambayo utafiti mkubwa uliofanywa Uingereza mwaka 2020 ulionyesha kwamba hupunguza vifo. Lakini ilipunguza kwa wale waliokuwa wamefikia hatua ya kuhitaji oksijeni. Kwa mgonjwa asiyehitaji oksijeni haikuleta faida, na huenda ikamdhuru, hasa mwenye kisukari. Haipewi mtu nyumbani kwa sababu jirani alipona nayo hospitali.

Kuhusu nyungu, ninajua kwamba wasomaji wengi walijifukiza mwaka 2020 na 2021, na wengi watasema iliwafaa. Mvuke hulegeza makamasi na humpa mtu faraja, hilo silikatai. Lakini haujathibitishwa kuua virusi vilivyo mwilini, na sufuria la maji yanayochemka chini ya blanketi limepata kuunguza watu sehemu mbalimbali za dunia, watoto hasa. Anayetaka kujifukiza ajifukize akiwa peke yake, kwa chombo kilichotulia juu ya ardhi, bila mtoto chini ya blanketi. Wala asiache kwenda zahanati kwa kuwa amekwisha jifukiza. Ama wale waliosema kwamba uraka au gongo husafisha koo, hao walikuwa wakitafuta sababu ya kunywa, na sababu hiyo walikuwa nayo hata kabla ya korona.

Dalili za kumpeleka hospitali

Mhudumu azijue dalili hizi kwa moyo, kwa maana ugonjwa huu huweza kumgeuka mtu baada ya wiki moja, wakati jamaa wamekwisha kufurahi kwamba nafuu inakuja. Mgonjwa akihema kwa shida, au akashindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi; akiwa na maumivu au mbano kifuani usiokwisha; midomo au kucha zikigeuka rangi ya samawati au kijivu; akichanganyikiwa akili, au akawa mgumu kuamshwa; basi siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, apelekwe. Kama zahanati au jirani ana kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni, na kikaonyesha chini ya 94, mtaalamu aarifiwe bila kuchelewa. Kikionyesha chini ya 90, hiyo ni hatari kubwa. Wazee, wenye kisukari, shinikizo la damu, pumu, na wanaoishi na VVU, hasa wasiotumia dawa, wapelekwe mapema zaidi, wala wasingojewe hadi wahemee juu juu.

Hospitali tunazozijua ni Mkomaindo mjini Masasi, Ndanda ya Wabenediktini, na ile ya Newala. Ligula iko Mtwara, mwendo wa kilomita karibu 200 kutoka Masasi. Jambo linalochelewesha watu mara nyingi ni usafiri wa usiku. Kwa hiyo kaya yenye mgonjwa imjue dereva wake tangu siku ya kwanza, iwe na namba yake ya simu, na iwe imetenga fedha ya mafuta. Garini madirisha yafunguliwe, na wote wavae barakoa. Abebwe na mtu mmoja au wawili, si msafara.

Shamba na kangomba

Sasa tumefika mahali panapomhusu katibu moja kwa moja. Tuchukue mfano wa kubuni. Kaya ya watu sita katika kijiji cha uwandani ina mikorosho 60. Ni mwezi wa Oktoba, korosho zinaanguka. Baba anaugua, mama anamhudumia, na kijana mkubwa anahangaika na maji. Hakuna wa kuokota. Korosho iliyokaa chini ikanyeshewa na mvua za kwanza hushuka daraja, na kila asubuhi inayopita ni hasara. Tena hospitali inadai, dereva anadai, na chama hakitalipa mpaka mnada ufanyike na fedha ziingie benki.

Saa hiyo ndipo anapobisha hodi mtu mwenye sauti ya upole. Amesikia kwamba mzee haumwi kidogo. Amekuja na shilingi 120,000 taslimu, naye hataki riba. Anataka tu kilo 100 za korosho zikishaokotwa. Huyo ni kangomba. Tuseme bei ya mnada mwaka huo, kabla ya makato, ni shilingi 3,000 kwa kilo. Kilo 100 zingekuwa shilingi 300,000. Kaya imepokea 120,000 na kupoteza 180,000, na hasara hiyo imempata mtu ambaye hakuwa na nafasi ya kukataa. Chama nacho kimepoteza kilo 100 katika makusanyo yake na ushuru wake. Kwenye vitabu vyangu vya ukaguzi upungufu wa aina hii huonekana kama tarakimu tu: mwanachama aliyeleta gunia nane mwaka jana ameleta tatu. Kitabu hakisemi kwamba kulikuwa na mgonjwa.

Sheria inamkataza kangomba, na mikutano yetu humlaani kila msimu. Lakini laana haiokoti korosho. Dawa yake kwa kaya yenye mgonjwa ina sehemu mbili. Ya kwanza ni nguvu kazi. Wanachama 10 wakiingia shambani mwa mgonjwa asubuhi mbili kwa wiki, wakaokota, wakatenga mabibo, wakaanika na kufunga, mazao yake yamesalimika. Kazi hii inafanyika nje kwenye hewa, na kila mtu yuko chini ya mti wake, hivyo ni salama kuliko ziara ya chumbani. Zamani tuliiita ujima, na jina halidhuru.

Ya pili ni fedha ya haraka, na hapa nataka nieleweke vizuri. Katibu asitoe hata shilingi moja ya malipo ya wakulima kwa ajili ya huruma. Fedha ya mauzo si yake wala si ya chama, ni ya wenye korosho, na mgonjwa aliyesaidiwa kwa fedha ya jirani bila jirani kujua ameachiwa ugomvi kitandani. Njia halali ni mkutano mkuu kuanzisha mfuko wa msaada kwa azimio lililoandikwa: kila mwanachama achangie kiasi fulani kidogo baada ya malipo, mfuko uwe na daftari lake, watia saini wasipungue wawili, kiwango cha juu cha msaada kijulikane, na utaratibu wa kurejesha, kama ni mkopo, uandikwe kabla fedha haijatoka. Vikundi vya hisa vya akina mama tayari vina mifuko ya jamii ya namna hii, navyo hutoa fedha siku ile ile bila kelele. Vyama vyetu vingi vikubwa havijafikia hapo, na sioni haya kusema kwamba twende tukajifunze kwao.

Mambo ya ofisini

Mgonjwa akileta korosho kwa mkono wa jamaa, ziandikwe kwa jina la mwenye shamba na namba yake ya uanachama, si kwa jina la aliyebeba. Nimekuta mashauri ya miaka mingi, ndugu kwa ndugu, yaliyoanzia kwenye mstari mmoja wa daftari la mapokezi ulioandikwa kwa haraka. Aliyeleta aandikwe pembeni kama mleta mzigo na atie saini. Mgonjwa asilazimishwe kuja kupanga foleni ghalani ili kuthibitisha uzito. Stakabadhi ipelekwe kwake na mjumbe wa bodi.

Habari ya ugonjwa wa mwanachama ni siri yake mpaka yeye mwenyewe aruhusu. Hii haipingani na niliyosema juu kuhusu kuutaja ugonjwa. Mgonjwa huutaja kwa wale wanaohitaji kujilinda na kumsaidia. Katibu hana ruhusa ya kuubandika ukutani wala kuutangaza mnadani. Mtumishi wa chama anayeumwa naye abaki nyumbani, na bodi ipange wa kumshikia kazi kwa kukabidhiana kwa maandishi. Karani wa mizani anayekohoa juu ya foleni ya watu 80 hafanyi uzalendo wowote.

Baada ya homa

Homa ikishuka, si kila mtu hurudi shambani siku ya pili. Wengine huendelea kwa wiki, na wengine kwa miezi, wakiwa na uchovu, kuhema wakipanda mlima, usahaulifu na kukosa usingizi. Mtu wa namna hiyo asiitwe mvivu. Arudie kazi polepole, aanze na kazi za kukaa, na msimu wa salfa ukifika mwingine ampulizie, kwa kuwa mapafu yaliyopona juzi hayafai kulishwa vumbi. Mhudumu naye apewe pumziko. Mara nyingi ni mwanamke, na mara nyingi hakuna aliyemwuliza kama amelala. Kuhusu chanjo, wanachama walio wazee au wenye maradhi ya kudumu waulize zahanati ipi inayo. Kazi yake kubwa ni kumkinga mtu asiugue vibaya na asife, hata kama yaweza kutokea akapata mafua ya ugonjwa huo.

Na ikitokea kifo, maziko yafanyike kwa heshima zote za dini yake. Hatari iko katika mkusanyiko wa matanga kuliko kwa marehemu: watu wengi kulala ndani ya nyumba moja, kula sinia moja, na kulia wakiwa wamekumbatiana. Shughuli ifanyike uani, iwe fupi, walio na kikohozi watume rambirambi. Chama kipeleke mkono wa pole, na kabla msimu haujapita mrithi aelezwe utaratibu wa hisa na malipo yaliyobaki, kwa maandishi na bila kumzungusha.

Maswali ya kujadili mkutanoni

1. Katika kijiji chetu, kaya ipi ingekosa mtu wa kuteka maji kama mama wa nyumba hiyo angelala siku 10? Nani angempelekea ndoo?

2. Je, chama chetu kina azimio la mkutano mkuu kuhusu mfuko wa msaada? Kama kipo, daftari lake lilikaguliwa lini? Kama hakipo, kiasi gani kwa kilo kingeweza kukubaliwa na wanachama bila manung'uniko?

3. Msimu uliopita, wanachama wangapi walileta korosho chini ya nusu ya walizoleta msimu uliotangulia? Katibu asome idadi tu, bila majina. Sababu za upungufu huo zinajulikana?

4. Dereva gani kijijini yuko tayari kubeba mgonjwa usiku, na kwa bei gani? Bei hiyo iandikwe kwenye muhtasari wa mkutano.